Droo ya Chini

Msidhani ni njaa inayomlisha Selestina Qamara. Njaa anaijua, amekulia Buger kwenye mahindi na maharage. Ikija unakula, inaondoka, mnaachana salama. Hii ya sasa haina adabu. Inamvaa akishamzalisha mtu, mikono bado inanuka dawa, na haimwachi mpaka droo ya chini ya meza yake iwe tupu.

Ni nesi wa zahanati huko juu Nainokanoka, mwaka wa sita huu. Droo ina maandazi na biskuti. Anakula amesimama, mgongo kwenye mlango, mbiombio utadhani kaiba. Gauni la kazi limeongezwa kitambaa ubavuni mara mbili. Wilibrodi, mganga wa zahanati, ambaye mdomo wake hauna breki, humwambia, "Dada Sele, umenawiri! Baridi ya huku imekupenda." Anacheka naye, kisha anaingia ndani kula tena, safari hii kwa hasira.

Ilianza mwezi wa nne. Mama mmoja aliletwa amebebwa, amechelewa, damu imemwisha, akamfia mikononi. Tangu siku hiyo kila mimba inayoingia mlangoni inampa woga. Hatulii. Anahesabu glavu alizokwisha kuzihesabu, anatoka nje, anarudi, anakula.

Jumanne moja akaja Nalepo, mke mdogo wa boma la jirani, mimba ya kwanza, miezi saba. Akapanda mizani. Selestina akaangalia mizani, akaangalia kadi, akarudi kwenye mizani. Nalepo alikuwa amepungua kilo mbili.

"Unakula nini wewe?"

"Maziwa kidogo. Bibi pale bomani amesema nisishibe, mtoto asiwe mkubwa, atoke vizuri."

Desturi hiyo Selestina anaijua: mama akikaribia kujifungua, anabaniwa chakula. Na hotuba ya kuipinga anaijua pia. Lakini siku hiyo haikutoka hotuba, zilitoka kelele. "Nguvu ya kusukuma utaitoa wapi? Unataka unifie hapa?" Akina mama kwenye benchi la nje wakachungulia mlangoni. Naye, jamani, akavuta droo, akatoa andazi, akaling'ata mbele ya mgonjwa.

Nalepo akamtazama anavyotafuna.

"Una njaa, yeyo?" Wamaasai humwita hivyo mama wanayemheshimu.

"Hapana."

"Sasa mbona unakula?"

Angeweza kumkaripia. Badala yake machozi yakamtoka. "Naogopa. Naogopa utakufa."

"Kwani mimi siogopi?" Nalepo akasema taratibu. "Ndiyo maana sili."

Selestina akaliweka andazi chini. Akaweka mfuko mzima wa maandazi mezani, akausukuma upande wa pili.

"Basi tukubaliane. Nikiogopa, wewe ndiye utakayekula. Bibi yako nitamfuata mwenyewe."

Alimfuata kweli, kwa miguu, akisimama kila kilima kuhema na kujilaumu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasema mtoto anayelishwa na mtu mnene hivi atazaliwa mkubwa kama ndama. Lakini hakumkataza Nalepo kwenda zahanati, na kila Jumanne Nalepo alikuja, akafungua droo mwenyewe, akala. Selestina alimwangalia huku vidole vikimwasha. Kuna siku alishindwa, akanunua biskuti dukani, akazimaliza njiani.

Uchungu ulimkuta Nalepo asubuhi ya Jumapili. Mchana kutwa Selestina alizunguka kitanda chake pale zahanati, hakukaa, hakugusa droo. Saa kumi jioni mtoto akalia: kilo tatu kasoro, wa kike, hasira tele.

"Nina njaa," Nalepo akasema.

Droo ilikuwa na andazi moja, la juzi, gumu. Selestina akampa. Nalepo akalikata katikati, akamrudishia nusu.

"Sitaki. Siogopi sasa."

"Umekula leo?"

Selestina akajisikiliza. Tangu alfajiri hakutia kitu mdomoni, na tumbo lilikuwa linanguruma, njaa yenyewe, ile ya Buger. Akavuta kiti, akakaa, akala.