Katiba ya Mjomba

Mjukuu wa dada yangu anaishi kwangu mjini, Mafiga, kwa ajili ya shule. Mwaka jana mwalimu wa uraia aliwaagiza wabuni nchi ya kufikirika, pamoja na serikali na sheria zake. Binti alipokuja sebuleni na daftari, mimi niliyeishia kidato cha nne nikaona taifa limeniita.

"Tuanze na ardhi," nilisema. "Ardhi ni ya ukoo wa mama. Mgawaji ni mjomba mkubwa."

"Hiyo si ya kufikirika, Babu. Ndiyo ya kwetu milimani."

"Andika."

Aliandika. Nikampa mjomba bunge, mahakama na muhuri. Tulipofika ibara ya saba nilikuwa nimeshasimama.

"Na mjomba akikosea?"

"Anashauriwa."

"Na nani?"

"Na wajomba."

Alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Kisha akauliza, bila ubaya, "Kwa hiyo lile shamba la Bibi, walikushauri?"

Bibi yake ni dada yangu, na mjomba mkubwa wa ukoo wetu ni mimi. Zamani nilimnyang'anya dada shamba lake la magimbi, lenye chemchemi, nikampa mwanangu, ambaye kwa desturi yetu ni wa ukoo wa mama yake na hana fungu kwetu. Nilijiita mtu wa kisasa. Mwanangu akapanda mikaratusi, chemchemi ikakauka, naye akahamia Turiani kwenye miwa. Dada analima shamba la kuazima. Hajawahi kunisema. Huniamkia tu, na shikamoo yake ni nzito kuliko tusi.

Ibara ya saba binti aliiandika mwenyewe: mjomba akikosea, aende kwa miguu yake akarudishe, asitume mtu. Daftari liliporudi, mwalimu alikuwa ameizungushia wino mwekundu: "Haitekelezeki."

Neno lile liliniuma. Nikampigia simu mwanangu kuhusu shamba, akasema miti ile aliisahau siku nyingi. Jumamosi nikapanda mlima, nusu kwa toba, nusu kwa kumbishia mwalimu. Dada alikuwa uani akichambua maharage.

"Shikamoo, kaka. Nani kafa?"

"Marahaba. Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukurudishia shamba."

"Umetumwa na nani?"

"Na katiba."

"Ya nchi gani?"

"Nchi yenyewe haipo."

"Nilijua tu." Akapuliza maganda. "Na ile mikaratusi, katiba yako inaikata?"

"Nitaikata mimi."

Aliyatazama magoti yangu kwa muda, akaingia ndani. Akatoka na shoka mkono mmoja na kigoda mkono wa pili, akaviweka chini mbele yangu. Nilichukua shoka, nikashuka nalo shambani. Mti wa kwanza ulikuwa mwembamba, bado ulinimaliza pumzi, na alipokuja na kigoda sikukikataa.

"Mkaratusi ukikatwa huchipua tena," alisema.

"Najua."

"Basi itabidi urudi."