Kitabu cha Sita cha Orville

Orville Knickle alikata vichwa vya samaki kiwandani miaka thelathini na nne, na mimi nilidai anasoma vivyo hivyo, kwa panga. Ndiyo maana tulimpa kitabu cha sita.

Hapa kwetu Nova Scotia, kila Agosti tunakusanyika ukumbi wa kanisa kusoma kwa sauti riwaya zote saba za Bonde la Ukungu, kila kitabu na msomaji wake. Mwandishi alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Vitabu vingine vyote dhahabu. Hicho cha sita, Mungu anisamehe, ni uji wa maji: kurasa mia tatu watu wanagombania shamba la marehemu, na yule farasi wa vitabu vingine, tunayempenda sote, hatajwi hata mara moja! Kikianza tu, ukumbi mzima hutoka uani kunywa supu ya samaki. Orville hubaki na viti. Miaka kumi na moja hiyo.

Mwaka huu mimi, mwenyekiti wa kamati, nilimpa makavu.

"Mzee Knickle, leo ndio mwisho. Mwakani cha sita tunakiruka."

"Na mimi je, Bi Verna?"

"Wewe utapanga viti."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Sina kingine mwaka mzima," akasema.

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Mtu mzima kung'ang'ania takataka!

Zamu yake ilipofika, mvua ikamwagika. Supu ikaletwa ndani, watu wakabaki vitini kwa shingo upande. Orville akaanza. Katika hadithi yake, bibi wa ule ukoo wenye shamba akafungua mlango, akamkuta mchungaji kizingitini, bata bukini kamng'ang'ania suruali. Watu wakaangua kicheko, kisha vijiko vikatulia. Farasi aliporudi nyumbani peke yake, anachechemea, theluji tele mgongoni, Darlene wa posta akalia waziwazi.

"Kumbe tumekionea bure kitabu hiki!" akaninong'oneza. "Verna, usithubutu kukiondoa."

Farasi? Nikachukua nakala yangu, nikafunua mwanzo hadi mwisho. Bata hamna. Farasi hamna. Mashamba na mawakili tu. Nikamtazama Orville vizuri: tangu aanze, hajafunua hata ukurasa mmoja.

Alipomaliza, watu wakimpigia makofi wamesimama, nikamvuta jikoni.

"We mzee, haya umeyatoa wapi?"

"Kitabu chenu kilinichosha mwaka wa kwanza tu," akasema, anajifuta jasho. "Nikaona, maadamu hakuna anayesikiliza, nisimulie changu. Kila mwaka kipya. Hiki cha farasi ni cha mwaka huu."

"Na vya miaka mingine?"

"Vimeshakwenda, Bi Verna. Sikuviandika." Akanitazama bila hasira yoyote. "Kwani nani alikuwepo?"

Mimi nilikuwa uani, nakunywa supu.