Mluzi wa Tangi Jekundu

Niliusikia mluzi kabla sijaliona tangi. Nilikuwa nimeketi mlangoni pa nyumba yetu ya mtaa wa Rhonda nikimenya viazi, na sauti ikanijia nyembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto bila kupumzika. Mpaka leo, soda ikifunguliwa karibu nami, mimi huinamisha kichwa na kusikiliza, na pua inajaa harufu ya mpira na sabuni.

Mama alikuwa fundi wa pancha. Kibanda chake cha mabati kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni petu, na ndani mlikuwa na kompresa, mashine ya kujazia upepo, yenye tangi jekundu lililonizidi ukubwa. Tangi hilo ndilo lililotulisha. Asubuhi hiyo dereva wa kanta, lori dogo la kabichi kutoka Kabazi, alikuwa akisubiri tairi ijazwe, na sindano ya geji ya kupimia upepo ilikataa kupanda. Angechoka kusubiri, angekwenda kwa mafundi wa barabara kuu, nao wangepata ushahidi wa walilokuwa wakilisema kila siku: kwamba mashine si kazi ya mwanamke.

“Mathe, fundi mwenyewe yuko wapi?” dereva akamuuliza Mama.

“Unamwangalia, boss.”

Nikaingia, nikatega sikio, nikanyoosha kidole: kizibo cha chuma, ubavuni mwa tangi. Mama akapaka povu la sabuni pale. Mapovu yakavimba, yakapasuka, yakavimba tena. Akanitazama jinsi fundi anavyomtazama fundi mwenzake, nami nikajiona nimerefuka.

“Si ukaze tu!” dereva akasema, tayari ameshika spana. “Kabichi yangu inanyauka.”

“Weka hiyo chini. Hiki kikichomoka na huu upepo wote, utauza kabichi bila meno.”

Mama akafungua koki ya chini ya tangi. Hewa ikatoka ikinguruma, ikifuatwa na maji ya rangi ya kutu. Dereva akaenda, akarudi, akaguna, lakini Mama hakuharakishwa. Sindano ilipolala kwenye sufuri ndipo alipofungua kizibo.

Mpira wa duara uliokaa ndani yake ulikuwa umepasuka. Ulikuwa umekatwa kutoka tyubu kuukuu ya tairi, kama tulivyokata kila kitu pale mtaani: kamba za mizigo, bawaba za milango, hata mkanda wangu wa sketi ya shule.

“Huu niliukata mimi,” akamwambia dereva, bila kuinamisha uso. “Tyubu si ya kazi hii. Nilijua, na bado niliuweka.”

Mpira halisi wa kazi hiyo, mpya, alikuwa nao siku zote ndani ya kopo, umefungwa kwa karatasi, ukitunzwa kama vikombe vya wageni ambavyo wageni wenyewe hawavinywei. Akafuta kutu kwa kitambaa, akaupaka grisi kidogo, akauvisha, akakaza kizibo taratibu.

“Sasa tokeni. Wote wawili.”

“Hata mimi?”

“Wewe wa kwanza.”

Niliketi juani nimenuna. Sikio lililogundua uvujaji lilikuwa langu! Kompresa ikanguruma, ikanguruma, kisha ikajizima. Tukasikiliza, mimi na dereva. Hakukuwa na mluzi.

Tairi ikajaa. Dereva akapanda nyuma ya kanta, akashuka na kabichi mbili kubwa, akampa Mama kwa mikono miwili. “Fundi,” akamwita. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mathe tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilitolewa nje kwa kuwa mtoto ni usumbufu. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, tukiwa tunakunywa chai. Akacheka kidogo. “Nilikuwa nimeshakosea mara moja na hilo tangi. Kama ningekosea tena, sikutaka nikosee na wewe ndani.”

Nimewahi kusifiwa mbele za watu, na nikafurahi. Lakini fahari yangu kubwa iko pale pale: mkono wenye grisi mgongoni mwangu, ukinisukuma kwenye jua, kisha mlango wa mabati ukifungwa nyuma yangu, naye amebaki ndani.