Nukta Nyekundu Kwenye Kipima Hewa

Miaka kumi na tisa nilifanya kazi katika gereji ya mume wangu, na siku aliponifukuza aliwaambia watu kwamba mikono yangu haikuwahi kushika kitu pale zaidi ya vikombe vya chai. Hilo liliniuma kuliko mke mpya. Mke mpya mwache ale raha zake. Lakini injini zile zilikuwa zangu.

Nikahamia kwa dada yangu, ambaye baraza lake linatazamana na lango la gereji ile ile, nikatandika turubai na kupanga spana. Miezi mitatu hakuna aliyevuka barabara. Wa kwanza kuvuka ni Mwoka Mikate, tena kwa sababu gari lake lilizimika barabarani na upande wangu ndio wenye mteremko.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unatuletea chai?"

"Ndiye mimi. Gari lina nini?"

"Halipandi kilima, dada. Nikikanyaga mafuta linakohoa kama mvuta kiko. Injinia amelitazama mara tatu. Anasema injini imechoka, nimuuzie yeye alivunje vipuri. Jioni hii anataka jibu."

Injinia ndilo jina alilojipa mume wangu wa zamani. Hakuna chuo kilichompa.

"Fungua boneti," nikasema.

Nilianza na chujio la hewa. Nikalitoa lote, akawasha, likakohoa vile vile. Basi hewa haikukwama hapo. Nikahamia kipima hewa, kile kisanduku kilicho kati ya chujio na injini. Ndani yake mna kilango. Hewa ikivutwa inakisukuma kifunguke, na kadiri kinavyofunguka ndivyo injini inavyopewa petroli. Kinarudishwa na springi ndogo. Nilikisukuma kwa kidole na kikakataa kabisa, kama mlango wa mwenye nyumba mchoyo.

Nikakata gundi ya kifuniko kwa kisu. Haikuwa gundi ya kiwandani. Ilikuwa nyingi, imevujia pembeni, na mpakaji wake namjua mpaka alama za viatu. Chini ya kifuniko kuna gurudumu la meno linalokaza springi ile, na waya unaolizuia lisizunguke; na juu ya jino moja, chini ya vumbi, niliona rangi ya kucha. Nyekundu.

"Hii ni yangu!" nikapiga kelele mpaka dada akachungulia dirishani.

Mafundi wengine huandika namba kwa kalamu, na petroli hufuta. Mimi sikwenda shule. Kila kipima hewa nilichokifungua, nilikuwa natia tone la rangi ya kucha kwenye jino lililokuwa chini ya waya tangu kiwandani, nijue pa kurudi. Gari hili lilipita mikononi mwangu zamani, kabla Mwoka Mikate hajalinunua, wakati yule bwana amelala kwenye kochi la ofisini.

Nukta ilikuwa imehama. Nikahesabu kwa ukucha: meno kumi na moja! Injinia alikuwa anakaza springi ili mwenye gari aone petroli haiishi upesi. Gari likirudishwa limelegea, anakaza tena. Amemkaba koo mgonjwa, halafu anasema amechoka.

"Sasa inakuwaje?" Mwoka Mikate akauliza.

"Sasa unanyamaza."

Nikafuta masizi kwa kitambaa chenye petroli hadi kilango kikacheza chenyewe. Nikainua waya, nikarudisha gurudumu jino kwa jino, springi ikilegea, mpaka nukta ikakaa chini ya waya. Nikafunga.

"Twende kilimani. Na mikate yako yote humo nyuma."

Tulikipanda kilima kile kwa gia ya pili, kisha akaniangalia kwa woga, akatia ya tatu. Injini ikavuta pumzi ndefu, ikanguruma.

"Ya tatu, dada! Ya tatu! Mwaka mzima nimepanda hapa kwa ya kwanza!"

"Tazama mbele, tutaua mtu!"

Nikacheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo.

Tuliposhuka hakusimama barazani. Aliingia moja kwa moja gerejini huku akipiga honi.

"Injinia, jibu lako hili. Siuzi!"

"Nani kaligusa gari hilo?"

"Aliyeweka nukta nyekundu ndani ya kipima hewa."

Yule bwana akanitazama, akatazama mafundi wake, akajikohoza. "Nukta niliweka mimi. Humu ndani kila kitu naweka mimi."

"Aa, kumbe!" akasema Mwoka Mikate. "Hebu tuoneshe kucha zako, shosti."

Mafundi walicheka hadi mmoja akaangusha jeki. Injinia akaingia ofisini, akafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata fundi wake mkongwe alivuka barabara na kipima hewa kingine, amekifunga kwenye kitambaa.

"Mama, na hiki kina nukta. Injinia anauliza inapaswa kukaa wapi."

Nilikishika. Kilikuwa kigumu vile vile. Nikakifunga tena kitambaani, nikamrudishia.

"Mwambie aje kuuliza mwenyewe. Mchana, watu wakiwepo. Na chai yake aje nayo."