Vitanda vya Mwamvita

Kule Kasongo, Mwamvita alilaza wajane wasio na kwao ndani ya nyumba yake, wote kwenye mukeka moja, wakizunguka moto. Walikoroma mpaka mamba wa Lualaba wakahama!

Muzungu wa serikali akakuja. "Mama, tutakupa mablanketi. Lakini kila mutu alale kitanda yake, na moto utoke inje."

Mvua ilikaribia, Mwamvita akakubali. Vitanda vikajaza nyumba, wajane wengi wakakosa nafasi. Wakalala barazani penye moto, na wale wa ndani, kwa baridi, wakawafuata.

Muzungu akarudi, akachungulia. "Nyumba iko muzuri sana! Lakini haina maskini. Mablanketi yataenda Kabambare."

"Bwana, na hawa je?"

"Hawa wako inje, mama."

Akaruka miguu ya bibi Aziza aliyelala pale, akaenda zake.