Suti ya Mwalimu Iliyokwenda Harusini

Jumamosi hiyo fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Uzi, aliamka na madeni kichwani. Watu wa maji walikuwa wamebandika karatasi mlangoni kwake: alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo wanakata. Mwenye duka alimdai unga na sabuni za wiki tatu, na kila asubuhi Bi Uzi alimpiga chenga kwa kupita uchochoro wa nyuma. Mumewe, mlinzi wa ghala, alikuwa na miezi mitatu hajauona mshahara. Bi Uzi alishazoea kukopa huku akalipe kule, ila wiki hii huku na kule kote kulikuwa kumekauka.

Kitu pekee cha maana chumbani kilikuwa suti ya kijivu iliyoning'inia ukutani, nayo haikuwa yake. Ilikuwa ya Mwalimu, ambaye angeifuata Jumapili asubuhi aivae kwenye sherehe ya kumuaga kazini. Mwalimu alikuwa mteja wake wa miaka kumi na moja, na hakuwahi kubishana bei.

Aliyemtia majaribuni ni kinyozi wa jirani. Alikuwa anamsimamia rafiki yake harusi, na suti hana.

"Dada, nikodishe hiyo. Nakulipa sasa hivi, jioni unayo."

"Ya mtu hiyo."

"Kwani nani atajua?"

"Na hilo tumbo utalipeleka wapi?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Ufundi alikuwa nao, balaa ndiyo hiyo. Kila fundi mwenye akili huficha kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma wa suruali. Bi Uzi akafumua, akaachia kiuno vidole vitatu, akashona upya. Saa tano na nusu maji yalikuwa yamelipwa.

Tangu hapo hakutulia. Alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akarudia kosa lile lile. Kila pikipiki ikipita alikimbilia dirishani. Akilini mchuzi aliuona ukimwagikia ile suti mara kumi, na mara moja aliiona ikiungua. Jioni ilifika, kinyozi hakufika. Mumewe alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba ni mgongo.

Kinyozi alitokea Jumapili saa mbili, anapiga miayo. Bi Uzi aliikagua suti mfuko kwa mfuko, akanusa makwapa, akatoa ua lililonyauka, akapiga pasi. Ilikuwa safi kabisa. Alifurahi mno, na katika furaha hiyo akasahau kukirudisha kiuno. Pasi ilikuwa haijapoa Mwalimu alipopiga hodi.

Mwalimu aliingia nyuma ya pazia kuijaribu. Alipotoka, alikuwa ameishikilia suruali kwa mkono.

"Mwanangu, vipimo vyangu ulichukua lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Mwalimu."

"Wiki mbili tu." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Mke wangu kila siku ananiambia nimekonda, niende hospitali. Namwambia macho yake ndiyo yamechoka."

Hapo ndipo Bi Uzi alipokumbuka kiuno alichokiachia. Angeweza kunyamaza. Angekaza kile kiuno kwa dakika tano, na jina lake libaki safi.

"Baba yangu alianza hivi hivi," Mwalimu alisema taratibu. "Suruali kwanza."

"Hujakonda, Mwalimu." Sauti ilimtoka kabla hajajipanga. Akaeleza yote: karatasi ya mlangoni, kinyozi, harusi, vidole vitatu. Alipofika kwenye lile tumbo, Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi. Bi Uzi naye akacheka kwa kuona amepona.

Kisha Mwalimu akaacha kucheka. Alisubiri kiuno kikazwe, akavaa, ikamkaa vizuri. Akalipa pesa iliyobaki, yote, bila kupunguza hata senti.

"Sasa naomba ule ukurasa wenye vipimo vyangu."

Bi Uzi alifungua daftari. Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na vipimo vya mke wa Mwalimu. Aliuchana polepole, kwa rula, usije ukararuka, akampa kwa mikono miwili.

"Asante, fundi," alisema Mwalimu, akatoka.

Miaka yote kumi na moja hakuwahi kumwita fundi. Alimwita mwanangu.