Zamu Isiyotajwa

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, Moraa alinikuta kwenye shamba letu la chai hapa Ekerenyo, kabeba mkoba wa sabuni na mafuta ya ngozi. Tulikuwa marafiki tangu usichana, tukiteka maji kwenye kijito kimoja. Akautua mkoba, akasema, "Acha hayo majani kidogo. Nimekuletea egesangio."

Neno hilo unalijua, ingawa nyinyi wa leo mnalitumia kwa nadra. Majirani hulimiana mashamba kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Moraa akanieleza kwamba kampuni aliyojiunga nayo ni vivyo hivyo. Ninunue bidhaa, niuze nyumba kwa nyumba, niingize wengine, nao waingize wenzao, na kila mtu ataneemeka.

Mama yangu, aliyekuwa akichuma mstari wa pili, hakuinua hata kichwa. "We Moraa, egesangio gani isiyotaja zamu? Shamba la huyu litalimwa lini?"

"Karibuni tu, mama. Wewe nawe! Unataka kuvuna hata hatujapanda?"

Tukacheka sote. Nikaingia. Nani angemkatalia Moraa?

Zamu yangu haikufika. Kila mama niliyembishia hodi alikuwa amekwisha kununua kwa mwingine, au naye anauza. Sabuni zikalala chini ya kitanda hadi nyumba ikanukia kama harusi. Sikumlaumu Moraa, Mungu ni shahidi. Alijilaumu mwenyewe. Akaanza kupita njia ya juu ili tusikutane. Kanisani akahamia viti vya nyuma. Mwishowe akaenda kuishi kwa dada yake kule Nyacheki.

Nilimwona mara moja tu baadaye, siku ya soko Nyamache, akiuza ndizi. Nikamshika mkono. Akazitazama ndizi zake.

"Nami sikuambiwa," akasema. "Waliotuingiza walijua wengi wetu hatupati kitu. Wakanyamaza."

"Njoo Sabato tule. Zile sabuni tulishazifulia, hata mbwa wetu anang'aa."

Akacheka, kicheko chake kile kile. Akaahidi kuja. Ijumaa, kabla jua halijatua, nikapika kuku na mboga za chinsaga alizozipenda. Hakuja. Mpaka leo, hodi ikibishwa mchana wa Sabato, moyo wangu hunitangulia mlangoni.

Nawe sasa umeingia biashara kama ile, na jana ulikuja umenuna. Ulisema kanuni za serikali zinakutaka, kabla ya kumwingiza mtu, umweleze wazi wauzaji wa kawaida hupata nini, si yule mmoja tu aliyefanikiwa hata akanunua gari. Umwambie pesa atakazotumia, na kama bidhaa zinaweza kurudishwa. "Mama, nikisema yote hayo, nani ataingia?"

Sikubishi. Mzigo huo ni mzito kwako. Kampuni ina mawakili; wewe una mkoba na miguu yako. Wapo watakaokusikiliza hadi mwisho, wakushukuru, wafunge mlango. Utarudi jioni peke yako, na utaichukia serikali. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu. Laiti mtu angelilazimishwa kumwambia Moraa ukweli, naye aniambie mimi! Pengine ningeingia hata hivyo, kwa kumpenda. Ila asingekuwa na la kunionea haya.

Kesho unakwenda kwa Kwamboka, uliyesoma naye. Basi nasaha yangu ndiyo hii: mweleze yote kabla hajauliza. Usilolijua, sema hulijui. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwache alifikirie jambo hilo usiku kucha, azungumze na mumewe. Akikubali, umepata mwenzako wa kazi. Akikataa, kunywa chai yake, mkumbushane ya shuleni mkicheka, urudi nyumbani ukiwa bado na rafiki. Mteja utampata kwingine. Mimi nimezeeka nikitafuta Moraa mwingine, na sijampata.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki miguu yako na ulimi wako, na akujalie uzee wenye wageni wanaokuja bila kuitwa.